Damu ipimwe, saa iandikwe

Kifaa kilicholeta mageuzi makubwa katika wodi za kujifungulia miaka hii ya karibuni hakina waya, hakina betri, wala hakihitaji fundi kutoka Nairobi. Ni karatasi ya plastiki anayotandikiwa mama punde mtoto anapozaliwa, nayo inaishia kwenye mfuko wenye mistari ya mililita. Damu inateremka mfukoni, mkunga anainama, anausoma mstari. Ikifika mililita 500, hangoji daktari aamke. Anaanza kazi.

Kifaa hicho na utaratibu wake vilijaribiwa katika utafiti uitwao E-MOTIVE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023 katika New England Journal of Medicine. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania zilishiriki, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida wakahesabiwa. Kundi moja la hospitali lilipewa mifuko yenye mistari pamoja na mafunzo ya kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza kama oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kutafuta damu inatoka wapi. Kundi la pili liliendelea kama kawaida yake. Katika hospitali zilizopima, waliovuja lita moja au zaidi, waliopasuliwa kwa sababu ya damu, au waliokufa nayo, walikuwa asilimia 1.6 ya waliojifungua. Katika zile nyingine walikuwa asilimia 4.3.

Nimesoma takwimu hizo mara nyingi, lakini iliyonikaa moyoni ni nyingine. Katika hospitali zilizoendelea na kawaida yao, kati ya akina mama waliokuwa kweli wanavuja damu kupita kiasi, waliotambuliwa walikuwa asilimia 51 tu. Yaani mmoja katika kila wawili alilala pale damu ikimtoka, wauguzi wakipita, na hakuna aliyesema huyu yuko hatarini. Palipokuwa na mfuko wenye mistari, waliotambuliwa walifika asilimia 93. Dawa nyingi zilikuwa zinafahamika pande zote mbili. Kilichokosekana upande mmoja ni kujua mapema nani anazihitaji.

Haki inanidai niongeze jambo. Tofauti kubwa, ya takriban asilimia 60, ilikuwa kwenye kuvuja damu kwingi. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno katika makundi yote mawili kutosha kutoa hukumu peke yake. Anayesema mfuko huu umethibitishwa kupunguza vifo kwa asilimia 60 anazidisha. Hata hivyo mwanamke aliyepoteza lita moja ya damu Vihiga au Siaya, mahali ambapo pengine damu ya kumwongezea lazima isafirishwe kutoka mjini, yuko karibu sana na kaburi, na kumzuia asifike hapo ni kazi ya kutosha.

Ninachokiona katika tafiti za dharura za miaka kumi na mitano iliyopita, hasa zile zilizofanyiwa katika hospitali zinazofanana na zetu, ni uzi mmoja. Wagonjwa wetu wengi wa dharura wanapotea kwa sababu ya kukadiria. Damu inakadiriwa kwa jicho. Saa ya ajali inakadiriwa kwa kumbukumbu ya msamaria mwema. Maji ya dripu yanakadiriwa kwa mazoea. Na serikali zetu za kaunti, kuanzia Busia hadi Nakuru, zinapenda kununua kila kitu isipokuwa vile vya kupimia.

Tuichukue saa. Mwaka 2010 jaribio la CRASH-2 lilitoa majibu ya dawa niliyoitaja, asidi ya traneksamiki. Dawa hii si mpya. Iligunduliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliokuwa wakitafuta kitu cha kuwasaidia wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Kazi yake ni kuuzuia mwili usiliyeyushe bonge la damu lililokwisha kuziba jeraha. Katika CRASH-2, majeruhi 20,211 katika nchi 40 walishirikishwa. Waliopewa dawa walikufa asilimia 14.5, na waliopewa maji matupu walikufa asilimia 16. Ni kama kuokoa mtu mmoja katika kila majeruhi 67, kwa dawa ya bei nafuu isiyohitaji mtambo wowote.

Watafiti walipozipanga takwimu kwa saa, picha ikabadilika. Waliopata dawa ndani ya saa moja baada ya kuumia, waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa asilimia 5.3, wakati wenzao wasioipata walikuwa asilimia 7.7. Waliochomwa baada ya saa tatu walikufa kwa damu zaidi kuliko wasiochomwa: 4.4 dhidi ya 3.1. Uchambuzi wa mwaka 2018, uliounganisha wagonjwa zaidi ya 40,000 wakiwemo akina mama wa jaribio la WOMAN, lililoipima dawa hiyo kwa waliovuja damu baada ya kujifungua, ulionyesha kwamba kila robo saa ya kuchelewa inakula takriban asilimia 10 ya faida ya dawa, hadi saa tatu zitimie na faida iishe.

Hebu sasa tumfuate majeruhi wa boda boda aliyegongwa jioni karibu na Ahero. Watu wanamkusanyikia, mmoja anasimamisha Probox, anapakiwa nyuma. Kituo cha afya kilicho karibu kinamfunga jeraha na kumwandikia karatasi ya rufaa. Hospitali inayofuata inamtazama, haina daktari wa upasuaji usiku huo, inamwandikia karatasi nyingine. Hatimaye anafika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, au Russia kama wenyeji wa Kisumu wanavyoendelea kuiita. Karatasi za rufaa nilizopata kuziona zinaandika saa ambayo mgonjwa alifika mahali hapo. Saa aliyogongwa haimo. Basi daktari aliye zamu ameshika chupa ya dawa inayookoa saa ya kwanza na inayoweza kudhuru saa ya nne, na hana njia ya kujua amesimama upande gani.

Si vigumu kuijua saa hiyo. Aliyemleta mgonjwa mara nyingi bado yuko pale nje, nguo zake zina damu, anangoja kuambiwa aende. Aulizwe. Hatasema dakika, lakini atasema ilikuwa wakati shule zinatoka, au wakati wa adhana ya magharibi, au taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Muuguzi mwenye busara ataipata saa humo. Kinachotakiwa ni mstari mmoja kwenye fomu, wa kwanza kabisa, unaosema: aliumia saa ngapi. Na mstari huo usafiri na mgonjwa kila anapohamishwa, usianze upya kila langoni.

Tumezika watu wengi mno kwa wakati mmoja katika barabara zetu. Makutano ya Londiani, Juni 2023, zaidi ya 50. Mzunguko wa Coptic hapa Kisumu, Agosti 2025, zaidi ya 20, waombolezaji waliokuwa wakitoka mazishini. Baada ya kila msiba wa namna hiyo tunatangaziwa idadi ya waliokufa, ya waliolazwa, na majina ya viongozi waliotuma rambirambi. Sijawahi kusikia kaunti yoyote ikitangaza kwamba majeruhi wa kwanza alifikiwa baada ya dakika kadhaa, na kwamba nusu yao walipata dawa ya damu kabla ya saa kadhaa. Bila takwimu hizo hatuwezi kujua nani angeokolewa, na ajali inayofuata itatukuta pale pale.

Kuna wanaotaja utafiti wa PATCH wa mwaka 2023, uliofanyiwa Australia, New Zealand na Ujerumani, ambako wahudumu wa ambulensi waliitoa dawa hii njiani. Ni kweli kwamba baada ya miezi sita, idadi ya waliorudi katika hali nzuri ya kujitegemea ilikuwa karibu sawa kwa waliopewa na wasiopewa. Lakini baada ya siku 28, waliopewa dawa walikuwa wamekufa asilimia 17.3, na wenzao asilimia 21.8. Mimi nausoma hivi: dawa iliwabakiza watu hai, baadhi yao wakiwa na ulemavu mkubwa. Hiyo ni hoja ya kujenga huduma za kuwarudishia majeruhi nguvu zao, jambo ambalo huku magharibi mwa Kenya tumeliachia familia, hasa mama na dada za mgonjwa. Si hoja ya kuinyima dawa Ahero.

Nije kwenye dripu, maana hapa utafiti ulitugusa pabaya. Mgonjwa haulizwi uji, na kwetu dripu imechukua nafasi ya uji huo. Mtoto akifikishwa hospitali amelegea, jambo la kwanza familia inaloliomba ni awekewe maji. Akiwekewa, kila mtu anapumua. Asipowekewa, bibi anauliza kama hospitali hii ina madaktari.

Kati ya 2009 na 2011, Kathryn Maitland na wenzake, wakiwa na makao yao katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, waliendesha jaribio la FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, zaidi ya nusu wakiwa na malaria, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walimiminiwa maji mengi kwa haraka, kama miongozo ya Ulaya na Marekani ilivyoelekeza. Wengine walipewa maji ya kawaida ya siku, taratibu. Kamati ya usalama ililisimamisha jaribio kabla ya kumalizika. Katika saa 48, watoto waliomiminiwa maji kwa kasi walikuwa wamekufa karibu asilimia 10.5. Wale wa taratibu, asilimia 7.3.

Kuna sehemu ya matokeo haya ambayo ningependa kila anayeshika sindano aijue. Baada ya saa moja, watoto waliomiminiwa maji walionekana kupata nafuu zaidi. Dalili za mshtuko wa damu zilikuwa zimewatoka asilimia 43 kati yao, dhidi ya asilimia 32 ya wale wengine. Daktari aliyesimama kitandani angeapa kwamba maji yanasaidia. Angeona kwa macho yake mikono ikipata joto. Kisha, saa chache baadaye, watoto wengi zaidi wa kundi hilo hilo wangekufa, na kila kifo kingeonekana ni kazi ya malaria. Miaka thelathini ya uzoefu wa wodini isingeweza kuligundua hili, kwa sababu uzoefu unaona mgonjwa mmoja mmoja. Lilihitaji watoto elfu tatu na bahati nasibu ya haki.

Naomba nisieleweke vibaya, kwa kuwa kosa hapa linaua. Watoto wenye kuhara kukali hawakuingizwa katika FEAST, na mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara au kipindupindu anahitaji maji kwa haraka kweli kweli. Wala hakuna mtoto aliyenyimwa maji katika jaribio lile. Suala lilikuwa kasi na kiasi. Ndiyo maana kwanza apimwe: ana uzito gani, anahara au hahari, damu yake ina nguvu kiasi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika.

Watu wazima nao walipata FEAST yao. Katika hospitali kuu ya chuo kikuu jijini Lusaka, wagonjwa 212 wenye sepsisi, yaani maambukizi yanayoushambulia mwili mzima, na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, waligawanywa. Nusu walipewa mpango ulioandaliwa wa maji mengi mapema na dawa za kupandisha shinikizo; nusu walitibiwa kama kawaida ya hospitali. Matokeo ya 2017: asilimia 48 ya waliofuata mpango walifia hospitalini, na asilimia 33 ya wale wengine. Mpango wa aina hiyo ulikuwa umesifiwa Marekani tangu 2001, katika hospitali moja ya Detroit yenye vitanda vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Hata huko, majaribio makubwa matatu yaliyofuata mwaka 2014 na 2015 hayakuupata ubora wake. Kwetu, ambako mgonjwa aliyejaa maji mapafuni hana mashine ya kumpumulia, uligeuka hatari.

Hata baada ya FEAST, Shirika la Afya Duniani lilichukua hadi 2016 kuurekebisha mwongozo wake wa dharura za watoto. Miaka mitano. Matokeo yalitoka kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza, na bado ilibidi yangoje muda huo kuaminika katika kitabu ambacho wauguzi wa Kilifi na Mbale wanafundishwa nacho. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kaunti zetu kungoja Geneva kila mara ushahidi unapotoka kwa watoto wetu wenyewe.

Mbale iko ng'ambo tu ya Mlima Elgon kutoka Bungoma, na ndiyo iliyoshiriki tena katika jaribio jingine ninalolienzi, TRACT, lililochapishwa 2019. Watoto 3,196 wa Uganda na Malawi wenye upungufu mkubwa wa damu. Swali mojawapo lilikuwa: mtoto aongezewe mililita 20 za damu kwa kila kilo ya uzito, au 30? Kwa ujumla tofauti haikuonekana. Lakini walipotenganisha wenye homa na wasio na homa, wasio na homa walinusurika zaidi kwa mililita 30, na wenye homa walikufa zaidi kwa kiasi hicho hicho. Maana yake ni kwamba chombo kinachoamua mtoto apewe damu kiasi gani ni kipimajoto. Nenda wodi yoyote ya watoto huku kwetu usiku wa Jumapili, uulize kipimajoto kiko wapi na kina betri au hakina.

Nimeshasikia hoja za upande wa pili. Ya kwanza, wauguzi ni wachache, hawana muda wa kuandika saa na kusoma mistari. Uchache ni kweli, na sitaupuuza. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na madai yao mengi yalikuwa ya zamani. Lakini E-MOTIVE haikufanyika katika hospitali zenye watumishi wa kumwaga. Ilifanyika katika hospitali za umma zilizo kama zetu, na kinachookoa muda wa muuguzi kuliko yote ni kugundua tatizo likiwa dogo. Mama aliyevuja lita moja na nusu anawashughulisha watu wanne hadi alfajiri.

Ya pili ni nzito zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini. Saa ikiandikwa, itatumika kumshtaki aliyeiandika. Muuguzi atakayeandika kwamba mgonjwa alifika saa mbili na daktari akaja saa sita atakuwa amejiandikia barua ya kujieleza, yeye na daktari wake. Hofu hii ina msingi, kwa hiyo wanaosimamia hospitali waahidi hadharani, kwa maandishi, kwamba takwimu za muda zitatazamwa kwa wiki na kwa idara, wala si kwa jina la mtu. Bila ahadi hiyo fomu zitajazwa uongo, na uongo kwenye fomu ni mbaya kuliko nafasi tupu.

Ya tatu ni pesa, na hii siikubali. Mwaka 2015 nchi hii iliingia mkataba wa kukodi vifaa vya hospitali kwa shilingi bilioni 38, na kaunti zikakatwa fedha zao kuulipia hata pale mashine zilipokaa bila mtaalamu, bila umeme wa kutosha au bila chumba. Nchi iliyoweza hilo inaweza kununua mifuko yenye mistari, vipimajoto, saa za ukutani na oksimita za kidoleni za kupimia oksijeni kwa kila zahanati kutoka Mfangano hadi Molo. Katiba yetu, ibara ya 43, inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ina kipimo chake: dakika kutoka langoni hadi mkono wa kwanza kumgusa mgonjwa. Asipohesabu mtu dakika hizo, hatujui inatekelezwa wapi na inavunjwa wapi.

Hata kuruhusiwa kwenda nyumbani kunahitaji tarehe iliyoandikwa. Utafiti uliofanyiwa katika hospitali za ukanda huu wa ziwa na Uganda, ukiongozwa na Titus Kwambai wa Kisumu na kuchapishwa 2020, uliwafuata watoto 1,049 waliokuwa wamelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Waliopewa awamu tatu za dawa ya kukinga malaria katika miezi iliyofuata, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70 katika kipindi cha dawa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kupendekeza mpango huo. Kinachobaki ni hospitali kumwandikia mama tarehe za dozi kabla hajatoka, na mhudumu wa afya wa kijiji kuzijua.

Sasa tuangalie kinachokuja. Katika dharura, asidi ya traneksamiki kwa kawaida hutolewa kwa mshipa, na kuupata mshipa wa mtu aliyepoteza damu ni kazi ya mwenye mkono mzoefu. Utafiti mdogo wa majeruhi nchini Uingereza umeonyesha kwamba ikichomwa kwenye msuli inafikia kiwango cha kufanya kazi ndani ya robo saa hivi, na jaribio la I'M WOMAN, ambalo Tanzania ni mshiriki, liliandaliwa kuijaribu sindano hiyo ya msuli kwa akina mama wanaojifungua. Ikikubalika, hospitali kubwa haitakuwa tena mahali pa kwanza pa kuitoa dawa hii. Itawezekana Nyakach, Usenge, Port Victoria, kwa muuguzi mmoja aliye zamu peke yake na msichana wa kufagia. Idara za afya za kaunti zianze sasa kuamua nani ataruhusiwa kuichoma, itahifadhiwa kabati gani, na fomu yake itakuwa na mstari upi juu kabisa.